Upanga wa Arya, shoka la Buffy: Nani humpa mwanamke silaha?

Katika Game of Thrones, Arya Stark anaambiwa atupe kila alichonacho ili ajiunge na wauaji wasio na jina. Anatupa vyote baharini, ila upanga wake mwembamba, Needle, anauficha chini ya mawe. Alipewa na kaka yake, Jon Snow, siku waliyoagana. Kuutupa ingekuwa kujikana mwenyewe.

Hapo silaha si chuma tena. Kwa mtoto wa kiume wa familia ile, upanga ni jambo la kawaida. Arya aliupata kwa siri. Hata Brienne wa Tarth, pamoja na ubabe wake wote, upanga wake maarufu, Oathkeeper, alikabidhiwa na mwanaume, Jaime Lannister.

Buffy the Vampire Slayer ilishakwenda mbali zaidi mwaka 2003. Shoka analolipata Buffy mwishoni lilitengenezwa kwa ajili ya wanawake kama yeye, na wanawake ndio waliolilinda. Katika kipindi cha kufungia, nguvu yake inagawiwa kwa wasichana wote wenye kipaji hicho. Ile sheria ya mteule mmoja kila kizazi, iliyowekwa na wanaume wa kale, ikafia hapo.

Tofauti ndiyo hiyo. Arya na Brienne walipenya mlangoni, wakawa wa pekee. Buffy aliuacha wazi.

Kwa hiyo ukimuona shujaa mpya wa kike kashika upanga, usiangalie makali tu. Angalia nani kampa, na wangapi watapata baada yake.