DISKI KIGEUGEU: LEO IPO, KESHO HAIPO!

Kama una noma inayotoka kwenye laptopu, vuta kiti ukae, leo ni zamu yako.

Laptopu ikifa moja kwa moja kuna nafuu yake. Imekufa, unalia, unaanza kujichanga upya. Sasa kuna hii nyingine. Asubuhi unabonyeza, inawaka vizuri kabisa. Jioni unabonyeza, kioo cheusi na maandishi meupe: "No Bootable Device". Maana yake mashine imetafuta diski ya kuwashia, haikuiona. Unazima, unawasha, unapiga na dua, mara hiyooo, imewaka! Unashusha pumzi, unasema afadhali, imepona.

Mtu wangu, haijapona. Inakuaga.

Hapo wengi wetu tunaibeba mbio mpaka kwa fundi, na mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Fundi, mashine yangu mara inawaka, mara haiwaki."

"Hiyo Windows imechoka, sista. Tunapiga mpya, nusu saa tu unaondoka nayo."

"Na picha zangu? Na ripoti yangu ya chuo?"

"Kwani ziko wapi?"

"Si humo humo!"

Kimya.

Mafundi wazuri wapo, tena wengi, siwasemi vibaya. Ila kupiga Windows mpya kwenye diski inayopotea ni sawa na kupaka rangi ukuta wakati bati linavuja. Unalipa, inawaka siku tatu, inarudia pale pale. Na ukifomati, vitu vyako ndiyo basi tena.

Ngoja nikupe picha ya kinachotokea mle ndani. Ukibonyeza kitufe, kabla Windows haijaamka, kuna programu ndogo iliyokaa kwenye mazabodi. Wazee wa kazi wanaiita baiosi. Kazi yake ni kama ya monita wa darasa: inaita mahudhurio. Memori? Nipo. Kibodi? Nipo. Diski? ... Diski isipoitika inaandikwa haipo, na mambo yanaishia hapo.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: baiosi inaiona diski? Ukiwasha tu, bonyeza F2, F10 au Delete, inategemea mashine ya nani. Utaona orodha. Jina la diski likiwepo na Windows haiji, tatizo linaweza kuwa Windows yenyewe au mpangilio. Jina lisipokuwepo, Windows haina kosa lolote! Usikubali kulipia Windows mpya hapo.

Sasa anza na vya bei rahisi.

Kwanza, chomoa flashi, memori kadi na CD kama imebaki ndani. Mashine iliyopangwa ianzie huko inaweza kung'ang'ania kitu kisicho na Windows na kukudanganya kuwa diski haipo.

Pili, angalia saa. Kama kila ukiwasha tarehe imerudi nyuma miaka, kuna kibetri cha duara kama sarafu kwenye mazabodi, mara nyingi ni CR2032 cha volti 3, kimeisha. Kikiisha, baiosi inasahau mipangilio yake, pamoja na namna ya kuisoma diski. Kubadilisha ni kazi ndogo.

Tatu, na hapa ndipo vigeugeu wengi walipo, ni mguso. Diski nyingi za laptopu za inchi 2.5 zinachomekwa kwenye soketi, au kwenye kawaya bapa kembamba. Laptopu ya mtumba imeshapanda ndege na meli, ikaja kubanwa kwenye daladala la Mbagala, unategemea nini? Soketi inalegea, vumbi linaingia, kawaya kanachoka. Ukiikunja kidogo mashine inaiona, ukiiweka mezani haiioni. Hata SSD zile nyembamba kama kipande cha chokoleti zinashikwa na skrubu moja tu. Ikilegea, habari ni ile ile. Mwambie fundi atenganishe betri, aichomoe diski, asafishe, airudishe vizuri.

Dawa ya kumaliza ubishi ni kubadilishana. Diski yako iwekwe kwenye mashine nyingine. Ikikaa wiki nzima bila kupotea, diski ni nzima, mgonjwa ni kawaya au soketi, usinunue diski mpya. Ikipotea na huko, diski ndiyo kimeo. Kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, inasoma afya ya diski. Ikikuonyesha rangi ya njano au nyekundu, usibishane nayo.

Halafu kuna sauti. Diski ya kuzunguka ikianza kulia ka-ka-ka, zima hapo hapo! Kichwa cha kusomea kinapaa juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Kikigusa, kinakwangua, na kila unapojaribu tena kinazidi kukwangua. Usiigonge, usiiweke kwenye friji. Hiyo ni kazi ya mtu wa kuokoa data, na bei yake si ya kitoto.

Lakini yote haya yanakuja baada ya jambo moja. Siku mashine inapokubali kuwaka, hiyo si siku ya kufungua muvi. Ni siku ya kunakili! Chomeka flashi au diski ya nje, anza na visivyorudi: vyeti, CV, ripoti ya chuo, hesabu za biashara. Zifuate picha za marehemu na za watoto. Nyimbo na muvi ziwe za mwisho, hizo utazipata tena. Kama Windows haiji lakini baiosi inaiona diski, tengeneza flashi ya Ubuntu kwenye mashine ya mwenzako. Inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, unachota vitu vyako taratibu.

Angalizo kwa wenye Windows 11: mashine nyingi zinakuja diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker. Ukiihamishia kwingine itadai namba ya siri ya tarakimu 48. Mara nyingi iko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Itafute leo, mashine ikiwa bado inaongea.

Na ukifika kwa fundi, hata kabla hajashika bisibisi, mwambie maneno matatu tu: "Usifomati. Nakili kwanza." Akikuona mjuaji, mwache akuone. Diski mpya dukani zimejaa. Ile picha ya bibi yako aliyotangulia mbele ya haki, hakuna duka Kariakoo nzima linaloiuza.