Daftari la Wiki: Mkongwe Akigoma Kuwaka

Msimu wa kulima ukikaribia, matrekta yaliyolala miezi kadhaa huamshwa, na simu za mafundi hazipumziki. Katika mashamba mengi ya Tanzania na Kenya mkongwe anayeamshwa ni Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, katikati ya miaka ya 1960. Injini yake inayojulikana zaidi ni Perkins ya dizeli, silinda tatu, lita 2.5. Haina kompyuta ya kuipima. Ugonjwa wake hutafutwa kwa macho, pua na masikio, spana baadaye.

Moshi. Moshi mweusi mzito maana yake dizeli imezidi hewa: angalia chujio la hewa, kisha nozeli. Wa bluu ni oili inayoungua. Hapo ringi za pistoni au vali zimechoka. Mweupe wa asubuhi ya baridi, unaopotea injini ikipata moto, usikutishe. Usipokoma, ama dizeli haiungui yote, ama maji yanaingia ndani ya silinda. Kagua rejeta kama inatoa mapovu, na oili kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiyaona hayo, shuku gasketi ya silinda hedi.

Upepo. Trekta limeishiwa dizeli katikati ya shamba. Dereva kajaza tangi, anapiga stata mpaka betri inakufa, injini kimya. Lawama huenda kwa betri, kumbe ni upepo ulioingia kwenye mabomba. Legeza skrubu ya juu ya chujio la dizeli, piga kwa mkono wenzo wa pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini mpaka mapovu yaishe, kaza. Rudia kwenye pampu kubwa inayosukuma dizeli kwenye nozeli, kisha kwenye nati za nozeli huku mwenzako akipiga stata. Kazi hii haihitaji spea hata moja.

Oili inayoongezeka. Oili ikipungua mwenye trekta hushtuka, ikiongezeka hufurahi. Asifurahi. Chomoa kijiti cha kupimia, unuse. Ikinuka dizeli, huenda kiwambo cha pampu ndogo kimepasuka, na dizeli inashuka kwenye oili na kuipunguzia uzito. Ukiendelea kulima hivyo, beringi za krenki ndizo zitakazolipa.

Silinda mvivu. Injini inatetemeka na haina nguvu. Ikiwa inaunguruma polepole, legeza nati ya bomba la nozeli moja, sikiliza, kaza, nenda ya pili. Ile ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki ndiyo ya silinda isiyofanya kazi. Usiweke kiganja mbele ya dizeli inayotoka kwa kasi. Hupenya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali.

Kongwa. Mashine zikikosa fundi hasara yake ni kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Tanganyika, kwa matrekta mengi yaliyokwisha tumika, masalia ya vita. Baadaye vililetwa hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Ardhi ilikuwa ngumu, mafundi na spea haba, mashine zikaharibika kwa wingi. Mwaka 1951 mradi uliachwa. Fedha zilikuwepo, lakini watu wa kuziponya mashine zile hawakutosha.

Spea. Familia ya Massey Ferguson 135 ilitengenezwa pia kwa leseni India na Yugoslavia, ndiyo maana vipuri vyake havijaadimika. Wingi huo una hasara yake: ni rahisi kununua pampu nzima kwa ugonjwa uliokuwa wa chujio chafu.

Kwa hiyo ukimwita fundi, mwombe akueleze kasoro iko wapi na ameijuaje. Akitaja bei ya pampu kabla hajafungua chujio, mshukuru kwa kuja, kisha tafuta mwingine.