Wasia wa Mkulima

Wakulima wa skimu ya Mwea, nanyi mliobaki juu Kianyaga kwenye kahawa na chai, mwezi huu sitawasumbua kwa habari za mbolea. Nataka tuzungumze juu ya wasia. Wako wazee wasemao kwamba mwenye kuandika wasia anajiitia mauti. Mimi sikubali. Mkulima huweka mbegu ya mpunga kabla ya msimu, wala hatumwambii kwamba anaiita njaa.

Tuseme mzee ana ekari 2 za kahawa Kianyaga, wake wawili na watoto tisa. Akifa bila wasia, Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981 ndiyo itakayomgawia mali yake. Watoto wa nyumba zote mbili huhesabiwa, na kila mjane huongezwa kama fungu moja. Basi ni mafungu 11, na hakuna atakayepata hata robo ekari. Binti aliyeolewa huhesabiwa sawa na ndugu yake mwanamume. Wengi hawalijui jambo hili mpaka wasimame mbele ya hakimu.

Shamba la skimu lina habari yake. Kanuni za 1977 zilimruhusu mwenye leseni kumwandikia meneja jina la mtu atakayemfuata. Sheria ya umwagiliaji ilibadilishwa mwaka 2019, kwa hiyo nenda ofisi ya skimu uulize ni jina la nani liko katika faili yako. Pengine ni la ndugu aliyekwisha kufa.

Kuandika wasia si kazi kubwa. Tia sahihi au kidole mbele ya mashahidi wawili wanaokuona, nao watie sahihi zao. Shahidi asiwe mtu unayemwachia mali, maana aweza kuikosa. Mtaje na msimamizi. Wasia wa mdomo pia unakubaliwa mbele ya mashahidi wawili, lakini mwenyewe akiishi zaidi ya miezi mitatu, maneno yale hayana nguvu tena. Wala usidhani waweza kumnyima mkeo au mtoto kila kitu. Korti ina uwezo wa kumpa fungu lake.

Mzee akiisha zikwa, mtu asiuze ng'ombe wala kukata kahawa yake bila idhini ya korti. Adhabu yake ni faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Chukueni cheti cha kifo na barua ya chifu, mpeleke ombi kortini Gichugu au Kerugoya. Habari hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Baada ya miezi sita korti huweza kuthibitisha mgawanyo. Hapa ndipo jamaa nyingi huchoka na kurudi nyumbani, na hati ikabaki na jina la marehemu miaka na miaka. Kwa maoni yangu, machifu wangelisema jambo hili katika kila baraza.

Tena, katika wasia andika nambari ya shamba kama ilivyo kwenye hati. Ofisi ya ardhi yajua nambari. Haiujui mugumo ulio mpakani.