Kabla Hujakodisha Skrini ya Pili



Msimu wa kantata na mikesha unakaribia na makanisa mengi yako mbioni. Kamati imeshaketi. Skrini kubwa itakodishwa, taa za rangi zitafungwa, kutakuwa na kwaya, igizo na video, na yote yatarushwa mubashara mtandaoni. Haya ni mema. Lakini nina swali kwako mchungaji mwenzangu, na kwako mzee unayeshika mfuko wa kanisa: sauti mmempa nani?

Mara nyingi jibu ni "yule kijana wa mitambo." Kwenye mkutano hakuitwa. Ratiba atapewa asubuhi yenyewe, pamoja na flashi yenye nyimbo sita zisizo na majina. Halafu maiki ikipiga mluzi, kanisa zima linageuka kumkodolea macho.

Msimamo wangu ni huu: picha ikizimika, ibada inaendelea. Sauti ikizimika, ibada imesimama. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwa sauti, skrini ifuate.

Soma Nehemia sura ya 8. Ezra alisimama juu ya jukwaa la mbao lililotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, na Walawi wakawasaidia watu kuelewa kilichosomwa. Mtu alipanga, fundi akapiga misumari, ndipo watu wakasikia na kulia. Naye Paulo, katika 1 Wakorintho 14, anauliza ni askari gani atajiandaa kwa vita kama tarumbeta haitambulikani. Neno lisiloeleweka halimjengi mtu, hata likipigwa kwa nguvu kiasi gani.

Ndugu yangu, kelele si upako. Nguvu ya sauti ya mwanadamu iko zaidi kwenye irabu, lakini maana hubebwa sana na konsonanti, na hizo ni nyepesi. Besi ikizidi, konsonanti humezwa. Mhubiri anasema "usikate tamaa," na mama aliye nyuma anasikia "usipate tamaa." Herufi moja tu, na mahubiri yamegeuka! Sasa ongeza mabati na kuta za mawe, ambazo hurudisha sauti mara nyingi. Ukiongeza sauti, unaongeza na mwangwi. Dawa ni kupunguza besi kwenye maiki za wasemaji, kuelekeza spika kwa watu na si kwa ukuta, na kuhakikisha maiki hazisimami mbele ya spika.

Sauti pia haina mwendo wa mwanga. Husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Aliyeketi mita 34 kutoka jukwaani anasikia sehemu ya kumi ya sekunde baada ya aliye mbele. Ukiweka spika za nyuma bila kuzichelewesha kwa kipimo hicho, watu wa nyuma watasikia kila neno mara mbili. Miksa nyingi za kidijitali zinaweza kufanya hivyo kwa dakika chache, mradi kuna mtu aliyefundishwa.

Na wale wa nyumbani je? Kuna bibi mgonjwa anayefuata ibada kwa simu ya mjukuu. Kuna binti aliye kazini ughaibuni. Wao hawasikii ukumbi, wanasikia kile tu kilichopita kwenye miksa. Ngoma zinazovuma zenyewe ukumbini, fundi haziongezi sana, kwa hiyo mtandaoni karibu hazipo. Waumini wanaimba, lakini hakuna maiki iliyowaelekea, kwa hiyo bibi anasikia mwimbaji mmoja kama aliyefungiwa chumbani. Matangazo ya mtandaoni yanahitaji mchanganyiko wake, maiki mbili zinazoelekea waumini, na mtu wake mwenye vipokea sauti masikioni. Picha nayo huchelewa ikipita kwenye kamera na kompyuta. Sauti isipocheleweshwa ilingane nayo, midomo na maneno havitakutana.

Kuna jambo lingine tunalolinyamazia: masikio ya watoto. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba kwenye kumbi za burudani na matukio, wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa dakika 15. Wataalamu wa usalama kazini hupendekeza desibeli 85 zisizidi saa 8 kwa siku. Kwa desibeli 100, wanashuka hadi dakika 15. Mkesha wetu ni wa saa ngapi? Na nani ameketi karibu kabisa na spika? Ni watoto wa Sunday School, walioletwa mbele waone igizo. Sikio likiharibiwa na kelele halirudi lilivyokuwa. Tusiwaombee uponyaji wa kile tulichokiharibu sisi wenyewe.

Basi fanya hivi. Mwite fundi wa sauti kwenye mkutano wa kwanza wa kamati. Mpe ratiba iliyoandikwa: nani anaingia, na maiki ipi, baada ya video ipi. Nyimbo na video zote zimfikie siku mbili mapema, azisikilize na kuzisawazisha, maana video moja hunong'ona na nyingine hupasua. Fanyeni mazoezi kamili na mitambo yote ikiwa imewashwa. Kumbukeni kwamba ukumbi mtupu hulia tofauti na uliojaa, kwa hiyo aachiwe nafasi ya kurekebisha wimbo wa kwanza. Miksa na kompyuta viwe na betri ya akiba, kwa sababu stima haijui ratiba yetu. Na mlipe. Ukimlipa mwenye skrini na mwenye hema, kisha kijana wako ukamwambia "Mungu atakulipa," huo si utumishi, ni dhuluma iliyovaa kanzu.

Kenania, katika 1 Mambo ya Nyakati 15, aliwekwa juu ya uimbaji kwa sababu alikuwa na ujuzi. Nasi tumtafute mwenye ujuzi, au tumsomeshe tuliye naye.

Jumapili hii, kabla hujatoka kanisani, pita kule nyuma kwenye mitambo. Msalimie kijana huyo kwa jina. Muulize anahitaji nini. Kisha umsikilize.