Salama Kiasi Gani?

Mama yangu hupima maji kwa jicho. Anachota kwa glasi, anasogea mlangoni, anaiinua kuelekea kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti ya elfu kumi, kisha anatoa hukumu: "Haya yako vizuri." Au: "Leo Manchira imekasirika." Ikiwa imekasirika, maji yanalala kwenye pipa usiku kucha hadi tope lishuke, asubuhi yanachujwa kwa kipande cha kanga iliyochakaa, ndipo yanachemshwa. Amefanya hivyo tangu nikiwa mdogo pale Mugumu. Hana kipimo kingine.

Kwa msiolijua, Manchira ni bwawa la wilayani Serengeti, jirani na mji wa Mugumu, na ndilo linaloupa mji huo maji. Masika yanapofika, vijito vinavyoingia humo hubeba udongo wa mashamba na samadi ya ng'ombe. Kiangazi maji yanapungua, jua linawaka, na ile mbolea iliyooshwa kutoka mashambani inakuwa chakula cha mwani. Mabwawa ya nchi ya wakulima na wafugaji ndivyo yalivyo, na silitupii lawama bwawa. Lawama zangu ziko kwenye neno moja: salama.

Mnalijua. Linasemwa kwenye mikutano ya hadhara, linasomwa redioni, linajibiwa kwa kila anayeuliza. Maji ni salama, wananchi waendelee kuyatumia. Lakini "salama" ni hukumu, na hata hakimu wa Mahakama ya Mwanzo hawezi kutamka hukumu kabla ushahidi haujasomwa mbele ya watu. Sisi tunasomewa hukumu tu, halafu tunarudi nyumbani kunywa.

Niliwahi kuingia katika ofisi moja ya umma. Sitaitaja wala sitasema iko wilaya gani, kwa sababu naamini jibu lile lile ningelipata katika ofisi nyingine kumi. Niliomba kuona matokeo ya vipimo vya maji ya mwaka ule. Afisa niliyemkuta alikuwa mtu mzima, mpole, akanivutia kiti.

"Mwanangu, maji ni salama."

"Salama kiasi gani, mzee?"

Akacheka. "Wewe ni mwandishi wa habari?"

"Hapana mzee. Mimi ni mnywaji."

Akacheka zaidi, maana neno lenyewe kwetu lina tafsiri nyingine. Kisha akaniambia, bila ubaya wowote, kwamba majedwali ni ya matumizi ya ofisi. Faili lilikuwa juu ya meza. Lilikuwa la kijani, limefungwa kwa uzi, na mimi nilitoka bila hata kuliona ukurasa wa kwanza.

Jicho la mama si la kudharau. Tope lina maana yake: maji yenye tope huwapa vijidudu mahali pa kujificha, na klorini inayotiwa humo inamalizikia kwenye uchafu kabla haijafika kwa mdudu. Kwa hiyo anapoyalaza, kuyachuja na kuyachemsha, anafanya jambo lenye akili. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara kwa watoto vinazuiwa hivyo hivyo. Tangu darasa la tatu tumeimbishwa kwamba maji yachemshwe, na wimbo ule umeokoa watu wengi kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuisikia.

Tatizo ni kwamba wimbo uliishia kwenye vijidudu. Aseniki haichemki ikaisha. Risasi, zebaki, floraidi na naitreti navyo haviondoki kwa moto wa kuni. Maji yakipungua kwa mvuke, vyenyewe vinabaki sufuriani, tena vimekolea zaidi. Sumu ya baadhi ya mwani wa mabwawani nayo inastahimili kuchemshwa, na moto ukipasua seli za mwani huo, sumu iliyokuwa ndani yake inamwagika kwenye maji. Na vyote hivyo vinaweza kuwemo kwenye glasi angavu kabisa. Kiwango cha aseniki ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi ni mikrogramu 10 kwa lita. Nimejaribu kukieleza nyumbani hivi: chukua simtanki la lita 5,000, lijaze, halafu tia sumu yenye uzito wa punje mbili za mchele. Hapo umefika mstarini. Mlangoni, kwenye mwanga, hata jicho la mwewe halioni kitu.

Sisemi kwamba Manchira ina aseniki. Nasema kwamba mimi na mama yangu hatuna namna ya kujua kama inayo au haina, na kwamba tunaishi katika mkoa ambao swali hilo si la wazimu. Miamba ya ukanda wa dhahabu kuzunguka Ziwa Victoria ina aseniki ya asili, na watafiti wameikuta ikivuka kiwango katika baadhi ya vyanzo vya maji vya maeneo ya uchimbaji. Wachimbaji wadogo wanakamatisha dhahabu kwa zebaki. Na ukitoka Serengeti kuingia Tarime, unafika Nyamongo, kwenye mto Tigithe.

Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara hadi Tigithe. Kampuni ya Barrick ilieleza kwamba wezi walikuwa wameiba karatasi ya plastiki iliyozuia maji yasipenye ardhini. Wanavijiji walisema watu na mifugo wamekufa kwa maji yale, kampuni ikakataa. Mwaka huo huo Manfred Bitala, Charles Kweyunga na Mkabwa Manoko walipima udongo, matope na maji ya eneo lile, wakatoa ripoti kwa Jumuiya ya Kikristo Tanzania. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi, na Julai likaamuru bwawa lake la topesumu lisitumike.

Nimezitazama tarehe hizo mara nyingi, na kinachonisumbua kuliko faini ni ubishi wa 2009 usio na mwisho. Mwanakijiji anasema mgodi umeleta sumu. Mgodi unaweza kujibu kwamba aseniki ilikuwapo kwenye mwamba kabla ya mzungu wa kwanza kuja na ramani. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Mwamuzi pekee angekuwa daftari: maji ya mto huu, mahali hapa, mwezi kwa mwezi, kabla ya mgodi na baada yake, daftari ambalo nakala yake iko kwa mwenyekiti wa kijiji. Mtu aliyeenda mahakamani kudai shamba bila hati anajua ninachosema.

Kisha ikaja Machi 2022. Maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, samaki wakaelea wamekufa. Waziri wa mazingira wakati huo, Selemani Jafo, aliunda kamati ya wataalamu 11 chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati ilirudi na jibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza hewa ya oksijeni majini. Mnakumbuka mitandao ilivyocheka. Vikatuni, video, ng'ombe wanaovaa miwani. Nami nilicheka, nakiri. Siku zilivyopita nikaona kicheko chenyewe ni cha kusikitisha. Kisayansi, samadi nyingi inaweza kabisa kumaliza oksijeni na kuua samaki. Hilo si hadithi ya kubuni. Lakini watu waliozoea kuambiwa "salama" bila tarakimu hawana sababu ya kuamini "ng'ombe" hata kukiwa na tarakimu. Imani haifunguliwi kama bomba siku ya dharura. Kama mvuvi wa Kirumi angekuwa ameona kiwango cha oksijeni kikibandikwa kila mwezi kwa miaka mitano, angejua mwenyewe kama kimeshuka lini na kwa kasi gani, na angebishana na profesa kwa hoja badala ya matusi.

Na msidhani mstari wenyewe umeshushwa kutoka mbinguni. Waulizeni watu wa Arusha, wale wenye meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kuanzia 1974, iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 katika maji ya vijijini, baadaye ikashuka hadi 4, na kiwango cha 1.5 kikaja na viwango vya 2018. Sababu zilieleweka: visima vingine havikuwapo, na kufunga vilivyopo kungewaacha watu bila maji kabisa. Naweza kuikubali sababu hiyo. Lakini fikiria mtoto aliyezaliwa huko miaka ya themanini, anakunywa maji yenye miligramu 3, anaambiwa kwa haki ya sheria kwamba ni salama. Maji hayakubadilika. Mstari ndio uliohama, na yeye hakualikwa kwenye kikao. Ndiyo maana nauliza salama kiasi gani, na kwa mstari wa nani.

Nimeshajibiwa hoja mbili kila ninapoliongea hili. Ya kwanza: mkiwapa watu namba, wataogopa. Sawa, wataogopa. Mji wa Flint, Michigan, ulibadilishiwa chanzo cha maji mwaka 2014, wakazi wakalalamika, wakaambiwa ni salama. Wakishirikiana na watafiti wa Virginia Tech walichota sampuli kwenye mamia ya nyumba, wakakuta risasi. Daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, akaonyesha 2015 kwamba imeongezeka kwenye damu za watoto. Hofu ndiyo iliyourudisha mji kwenye maji ya Detroit. Na hiyo ni nchi ambayo sheria inamlazimu msambazaji kuwapa wateja wake ripoti ya ubora wa maji kila mwaka.

Ya pili inaniudhi zaidi: wananchi hawataelewa. Nani? Mama yangu? Mwanamke yeyote aliyelea mtoto kijijini Tanzania ameshika kadi ya kliniki, ameona kilo za mwanawe zikiwekwa nukta kila mwezi juu ya mchoro wenye rangi, na ukimwamsha usiku atakuambia mwezi gani nukta ilishuka na kwa sababu gani. Jirani yetu anayetumia dawa za kufubaza virusi anakijua kiwango chake cha mwisho. Wazee wanapimwa presha chini ya mwembe, wanatajiana namba kama matokeo ya mpira. Hakuna nesi anayemwambia mama "mtoto ni salama" halafu akaificha mizani. Watu hawa hawa ndio eti wakiona "E. coli: 0" au "E. coli: 12" akili zitawaruka.

Vipimo vinafanyika, hilo sipingi. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji, na EWURA hutoa kila mwaka ripoti ya utendaji wa mamlaka za maji, yenye asilimia za sampuli zilizofaulu. Nimezisoma. Ziko mtandaoni, ni nene, na zimeandikwa kwa Kiingereza. Asilimia ya mwaka mzima hainiambii chochote kuhusu bomba la mtaa wetu wiki iliyonyesha mvua kubwa. Katiba, ibara ya 18, inasema raia ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake. Kama maji hayamo humo, sijui kilichomo.

Kwenye kioski cha maji karibu na kwetu, bei ya ndoo imeandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa, hata mtoto wa chekechea anaisoma. Ukuta una nafasi. Mistari mitano inatosha: tarehe ya sampuli, mahali ilipochotwa, tope, klorini iliyobaki, E. coli. Mara moja au mbili kwa mwaka uongezwe wa sita, wa metali na naitreti, na pembeni ya kila namba uandikwe mpaka wake. Chaki na ubao vinatosha. Mimi mwenyewe niko tayari kununua chaki.

Nimeandika barua nyingine, safari hii kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayowapa siku 30 za kujibu. Nimeipeleka kwa mkono, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Mama aliichukua akaisoma polepole, akauliza mikrogramu ni nini, nikamrudishia ule mfano wa punje za mchele.

"Basi wakijibu, usinieleze kwa maneno," akasema. "Niletee karatasi."

Siku ya thelathini ni Alhamisi.