Barua ya Rufaa ni Sehemu ya Kipimo cha Ubongo

Mtu mzima wa Nachingwea au Ruangwa akianguka kifafa kwa mara ya kwanza ukubwani, au upande mmoja wa mwili wake ukizidi kulegea wiki hadi wiki, hana budi kuchunguzwa ubongo. Kwa anayehitaji upasuaji wa ubongo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam. Nauli na malazi hutoka katika mfuko wa familia inayotegemea korosho na ufuta. Safari ya namna hiyo haistahili jibu la nusu.

Picha ya MRI huonyesha mahali uvimbe ulipo na ukubwa wake, lakini mara nyingi haitoshi kueleza asili yake. Duara lenye ukingo unaong'aa laweza kuwa saratani, jipu la usaha, uvimbe wa kifua kikuu, au toksoplasmosisi kwa mtu mwenye VVU. Mmoja huhitaji kisu, mwingine dawa za miezi mingi.

Hapo ndipo spektroskopia ya sumaku inapofaa. Mashine ileile ya MRI, ikiwa na programu yake, hutumia dakika chache za ziada, bila mionzi ya eksirei, kupima kemikali zilizomo ndani ya uvimbe. NAA, kemikali ya seli za neva zilizo hai, hushuka neva zinapoharibika. Kolini hupanda seli zinapoongezeka kwa kasi, kama katika saratani nyingi. Katika uvimbe wa kifua kikuu mafuta ndiyo hutawala. Katika jipu la usaha huweza kuonekana asidi za amino.

Hata hivyo, alama hizo hupishana. Toksoplasmosisi nayo huonyesha mafuta mengi, na baadhi ya maambukizi hupandisha kolini. Uvimbe mdogo, au ulio karibu na fuvu, hupimika kwa shida. Kipimo hiki ni shahidi mmoja. Mashahidi wengine wako kijijini, na barua ya rufaa ndiyo inayowafikisha.

Basi barua isemayo tu "uvimbe wa kichwa" humnyima mgonjwa haki yake. Tabibu wa zahanati au hospitali ya wilaya aandike dalili zilianza lini, majibu ya VVU na CD4 ikiwapo, historia ya kifua kikuu kwa mgonjwa na nyumbani kwake, na dawa zote zilizotolewa pamoja na tarehe. Deksamethasoni isisahauliwe kamwe, kwa kuwa yaweza kuunywesha uvimbe wa limfoma kwa muda na kuficha ugonjwa wenyewe.

Mgonjwa naye abebe picha na majibu ya zamani, na aseme mapema ikiwa ana chuma au kifaa chochote mwilini. Daktari akishauri kuchukua kipande cha uvimbe baada ya spektroskopia, mgonjwa asidhani kwamba kipimo kimeshindwa: mara nyingi kipande hicho ndicho huthibitisha.

Mashine za kisasa zitaendelea kuwa mbali na Ruangwa kwa muda. Kalamu na karatasi ya rufaa zipo leo, na uzembe katika kuzitumia hauna udhuru.