Ondoeni 0.0.0.0/0 Nyumbani Kwangu

Wiki hii nina neno na watu wa IT. Si wote. Nina neno na wale wanaoandika mstari mmoja tu katika faili ya VPN, wakamkabidhi mfanyakazi aliyeketi nyumbani kwake Umoja au Kisumu, kisha wakamwambia huo ndio usalama. Mstari wenyewe ni huu:

AllowedIPs = 0.0.0.0/0

Mimi nasema huo si usalama. Ni uvivu, na gharama ya uvivu huo analipa mtu mwingine.

Kwa msomaji ambaye si wa fani hii, nieleze kidogo. VPN ni handaki. Pakiti zako hufungwa ndani ya pakiti nyingine zilizosimbwa, zikapelekwa hadi kwenye seva ya upande wa pili, zikafunguliwa huko, ndipo zikaendelea na safari. Kompyuta yako ina orodha ya njia inayoamua pakiti gani ipite wapi. Sasa, 0.0.0.0/0 maana yake ni "kila anwani ya IPv4 iliyoko duniani". Ukiiandika hiyo, kila kitu kinaingia handakini: seva ya kazi, sawa, lakini pia benki yako, gazeti unalosoma wakati wa chai, video ya mtoto, simu ya WhatsApp unayopiga kwa mama kijijini ukitumia kipakatalishi. Hilo ni handaki kamili. Njia ya pili ni kugawa: anwani za ofisi zipite handakini, zilizobaki zitoke moja kwa moja kupitia kampuni inayokuuzia intaneti. Kwa Kiingereza huitwa split tunnelling. Mimi nitaliita handaki la mgawo.

Nina mteja ambaye seva yake ya VPN iko Frankfurt. Vitu ninavyohitaji kwake ni vitatu: hazina ya kodi, hifadhidata ya majaribio na tovuti ya kuripoti hitilafu. Vyote viko ndani ya 10.20.0.0/16. Basi. Lakini faili niliyopewa inataka maisha yangu yote yapitie Ujerumani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.

Tupige hesabu. Mwanga ndani ya fiber husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi hadi Frankfurt, ukichora mstari ulionyooka, ni kama kilomita 6,300. Kwenda na kurudi ni milisekunde 63, na hiyo ni kama kebo ingekuwa ndege. Kebo si ndege. Inateremka Mombasa, inaingia baharini, inazunguka. Kwenye laini yangu safari hiyo ni kama milisekunde 150, ilhali seva iliyo hapa Nairobi hunijibu chini ya milisekunde 10.

Sasa niwashe handaki kamili nifungue tovuti iliyoko hapa Nairobi. Ombi langu linakwenda Frankfurt, linatoka huko, linarudi Nairobi. Jibu linakwenda Frankfurt tena, ndipo linanifikia. Kwenda na kurudi mara mbili, milisekunde 300. Na ukurasa haufunguki kwa safari moja. Kuna ya kuanzisha TCP, kuna ya TLS, kuna ya ombi lenyewe. Tayari ni karibu sekunde moja kabla herufi ya kwanza haijaonekana. Ni kama kupanda matatu ya Rongai ukishuka Lang'ata, halafu dereva anakupitisha Garissa na kukuambia ni kwa usalama wako.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nchi hii ilishapigana vita hivyo. Mwishoni mwa mwaka 2000, kampuni za intaneti za hapa zilifungua KIXP, kituo cha kubadilishana trafiki Nairobi, ili barua pepe ya kutoka mtaa mmoja kwenda mtaa wa pili isipande setilaiti kwenda ng'ambo na kurudi. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wakati huo, ililalamika, na CCK ikakifunga kituo hicho mara moja. Watu wa TESPOK walibishana na serikali hadi Februari 2002 kilipofunguliwa tena. Mimi wakati huo nilikuwa sijaanza hata darasa la kwanza. Matunda ya kazi yao ninayala leo: trafiki ya Kenya inabaki Kenya. Kisha anakuja mtu na mstari mmoja wa herufi chache anaufuta ushindi huo ndani ya nyumba yangu.

Mnadhani ni suala la kasi tu? Kumbukeni tarehe 12 Mei 2024. Kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki yote ikawa inakokota miguu. Siku kama hiyo, mtu mwenye handaki la mgawo bado anazifikia vizuri huduma zilizo hapa nchini, kwa sababu pakiti zake hazina haja ya kuvuka bahari. Mwenye handaki kamili la kwenda Ulaya hana kitu. Hata tovuti iliyoko jengo la jirani imezama pamoja na kebo.

Tuje kwenye jambo ambalo watu wa IT hawapendi kulisikia: nani anaona nini? Mtasema kila kitu siku hizi ni HTTPS. Ni kweli, yaliyomo yamefichwa. Lakini majina ya tovuti, kwa sehemu kubwa, bado yanaonekana, kwenye maombi ya DNS na mwanzoni mwa mazungumzo ya TLS. Kwa hiyo seva ya mwajiri inaweza kujua kwamba jana saa tano ulikuwa kwenye tovuti ya kliniki fulani, kisha ya Sacco, kisha ya mtu anayetangaza nafasi za kazi. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuchekesha zaidi. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mawasiliano yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sehemu ya 25, inataka data inayokusanywa isizidi ile inayohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Niambieni, kazi ya kurekebisha hitilafu katika hifadhidata inahitajije kujua mke wangu amefungua nini akiazima kompyuta? Kampuni yenye busara ingeikimbia data hiyo kama moto. Hii inaivuta kwa mikono miwili, tena inalipia uwezo wa seva ya kuibeba.

Haya, niwape hoja yao, nisije nikaambiwa nabishana na kivuli. Wanasema: kompyuta ikiwa katika mitandao miwili kwa wakati mmoja, mdudu aliyeingia kupitia intaneti ya nyumbani amepata daraja la kuingilia ofisini. Hoja hii ina uzito pale tu ambapo trafiki yote ikifika ofisini kuna kifaa kinachoikagua na kuna mtu anayesoma ripoti za kifaa hicho. Kama mnafanya hivyo, na mmewaambia wafanyakazi wazi kwamba mnafanya hivyo, nitakaa kimya. Niliuliza swali hilo kwa mteja wangu. Jibu lilikuwa kwamba trafiki inatoka tu, hakuna anayeikagua. Sasa hapo handaki linakinga nini? Mdudu akiwa tayari ndani ya kipakatalishi ataingia ofisini kupitia handaki lilelile, na atatoka kwenda kwa bwana wake kupitia seva yenu, kwa anwani yenu ya IP. Fayawoli kwenye kompyuta yenyewe, masasisho ya kila wiki na ruhusa zilizobanwa kwenye 10.20.0.0/16 vingesaidia zaidi.

Halafu handaki kamili lenyewe si ukuta kama mnavyodhani. Mei 2024 watafiti wa Leviathan Security Group walitangaza mbinu waliyoiita TunnelVision. Ruta ya hila, kwenye Wi-Fi ya hoteli tuseme, inatumia chaguo namba 121 la DHCP kuipa kompyuta yako njia mahsusi zaidi. Kanuni ya orodha ya njia ni moja: njia mahsusi huishinda ya jumla. Na hakuna njia ya jumla kuliko /0. Trafiki inatoka nje ya handaki huku alama ya VPN ikiwaka kijani. Handaki la mgawo nalo halina kinga dhidi ya hilo, sikatai, lakini angalau halikudai kuwa nayo. Zaidi ya hapo, faili nyingi nilizoziona zina 0.0.0.0/0 na zimesahau ::/0, kwa hiyo IPv6 yote inapita pembeni bila mtu kujua. Yaani hata uvivu wenyewe haujakamilika!

Wauzaji wa VPN za simu ndio waliotuzoesha fikra hii ya "funika kila kitu". Tangazo moja baada ya jingine linakuonya kwamba bila wao wezi watasoma neno lako la siri. Onavo, VPN ya bure iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2013, ilikuwa ikiwaonyesha wenyewe watu wanatumia programu gani, hadi ikaondolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018. Hola iligundulika mwaka 2015 kwamba inauza intaneti ya watumiaji wake kwa wengine. Telegram ilipozuiwa Kenya wakati wa mtihani wa KCSE, Novemba 2023 na tena 2024, kilichohitajika kilikuwa programu moja kupitia handaki. Android inaruhusu hilo kabisa, VPN ikiamua ni programu zipi zipite ndani na zipi zibaki nje. Lakini nani alielezwa? Ukiwasha, benki na kila kitu kinapitia kwa mtu usiyemjua.

Sasa dawa, na si ngumu. Kwenye WireGuard, ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, futa ule mstari uandike anwani unazohitaji:

AllowedIPs = 10.20.0.0/16

Watu wengi huishia hapo, kisha wanashangaa. Angalia mstari unaoanza na DNS =. Ukiuacha, kila jina unalolitafuta bado litaulizwa ofisini, hata kama pakiti zenyewe zinatoka nyumbani. Ukiufuta tu, majina ya ndani ya ofisi hayatapatikana. Kwa hiyo ufute, na kwenye Linux yenye systemd-resolved weka huu badala yake:

PostUp = resolvectl dns %i 10.20.0.53; resolvectl domain %i '~ofisi.internal'

Kile kialama ~ ndicho kinachofanya kazi yote. Kinasema: majina yanayoishia ofisi.internal yaulizwe ofisini, mengine yabaki yalipokuwa. Kisha hakikisha kwa macho yako:

ip route get 10.20.4.7
ip route get 1.1.1.1

Ya kwanza itaje wg0, ya pili itaje Wi-Fi yako. Wa OpenVPN, njia ya jumla husukumwa na seva. Andika pull-filter ignore "redirect-gateway" kwenye faili yako, kisha route 10.20.0.0 255.255.0.0. Wa Windows, kwa VPN iliyojengwa ndani, ni Set-VpnConnection -Name "Ofisi" -SplitTunneling $True, ukifuatiwa na Add-VpnConnectionRoute. Tatizo moja litakusumbua: ofisi ikitumia 192.168.1.0/24 na ruta ya nyumbani ikitumia hiyohiyo, kompyuta haitajua printa ni ya wapi. Badilisha ya nyumbani. Usisubiri ofisi ibadilishe, utazeeka.

Kama kipakatalishi ni cha kampuni, usihariri kinyemela. Omba kwa maandishi. Kuna watu wanahitaji handaki kamili na sitaki kusikia nimewaambia walizime: mwandishi wa habari anayelinda vyanzo vyake, mtu aliye kwenye Wi-Fi ya uwanja wa ndege, mtu asiyeamini kampuni inayomuuzia intaneti kuliko anavyoamini seva yake. Hao wamechagua. Mfanyakazi wa nyumbani hakuchagua, alitumiwa faili.

Na msiniambie hili ni wazo la wahuni. Mwaka 2020, dunia nzima ilipohamia nyumbani, Microsoft wenyewe waliwashauri wateja wao kuitoa trafiki ya Office 365 nje ya VPN, kwa sababu seva za VPN zilikuwa zinaelemewa na mikutano ya video.

Mteja wangu nimemtumia faili yenye mabadiliko hayo mawili, matokeo ya ip route get, na swali moja: ni anwani gani nyingine, nje ya 10.20.0.0/16, mnataka ipitie kwenu, na kwa sababu gani? Wakinijibu nitaliweka jibu lao hapa, neno kwa neno, bila jina.